Benchi la Makina

Umeme ulikatika saa nne kasoro, na pasipo umeme hakuna kuchomea. Ndiyo sababu Fundi, mtu wa Kawangware aliyekuja Kibera kufunga geti la mama mmoja wa Makina, alijikuta kwenye benchi la kibanda cha chai akingoja, geti limeegemezwa ukutani likiwa na bawaba moja. Pembeni yake alikuwa Mwalimu, jirani yake wa Gatina, anayefundisha hesabu katika sekondari ya mabati na ambaye Jumamosi huandamana na Fundi kwa sababu zake mwenyewe. Nadhani ni chapati. Ng'ambo ya meza aliketi Mwanafunzi, binti wa Gatwekera anayesomea uzamili wa hisabati katika kampasi ya Chiromo, karatasi zake zimejaa alama ambazo Fundi alizitazama kama mtu anavyotazama bili ya maji ya nyumba asiyoishi. Mama mwenye kibanda alikuwa anakanda unga. Kijana wake wa kidato cha tatu anaosha vikombe.

Nawaita kwa kazi zao, inatosha. Mimi nilipoketi sikuwa na upande. Nilipoinuka nilikuwa nao.

FUNDI: Binti, naona jasho. Mtihani ni lini?

MWANAFUNZI: Si mtihani, mzee. Ni semina. Alhamisi nasimama mbele ya idara.

FUNDI: Semina! Hizo nazijua. Watu wa mashirika wanatuita ukumbini, tunaandika majina mara mbili, karatasi moja ya mahudhurio na nyingine ya nauli. Soda, keki, mia tano, nyumbani.

MWANAFUNZI: Hii haina nauli.

FUNDI: Basi mnafuata nini?

Swali hilo lilikuwa la mzaha, lakini lilibeba mjadala wote uliofuata. Katika Kibera neno "semina" lina maana yake tayari. Ni siku ambayo mtu kutoka nje ya mtaa anasimama na karatasi kubwa na kalamu za rangi, anawaeleza wenyeji matatizo yao, nao wanaitikia kwa sababu kuna chakula cha mchana. Hakuna anayemkatiza. Ukimkatiza, mwaka ujao huitwi. Binti huyu alikuwa anazungumza juu ya kitu chenye jina hilohilo na tabia iliyo kinyume chake.

MWANAFUNZI: Ni saa moja tu. Mtu mmoja ana ubao na chaki, anaeleza jambo alilolithibitisha au analojaribu kulithibitisha. Wengine wameketi, labda kumi, labda sita. Na kazi ya walioketi ni kumsimamisha. "Hapo umetokaje mstari wa pili ukafika wa tatu?" Akishindwa kujibu, semina inakwama hapo hapo, hata kama ni dakika ya tano.

FUNDI: Mwishoni mnapiga kura?

MWANAFUNZI: Kura ya nini? Uthibitisho ukisimama umesimama, hata chumba kizima kinune. Ukianguka, hata dini zote zikiuombea umeanguka.

FUNDI: Na unajenga nini, huo uthibitisho?

MWANAFUNZI: Kwa sasa, hakuna. Ni hisabati tupu.

FUNDI: Tupu! Angalau walioipa jina hawakudanganya.

MWALIMU: Kuna wanaoiita hisabati halisi, Fundi.

FUNDI: Hapana, mwachie jina lake. Tupu ni tupu.

Hapo Mwalimu akaingia kati kumtetea binti, na kama ilivyo kawaida ya watetezi, akamharibia. Akaleta hoja ambayo kila mwalimu wa hesabu anayo mfukoni. Kwamba mwaka 1940 Mwingereza G. H. Hardy aliandika kitabu akijivunia kwamba hisabati yake ya namba haijawahi kumfaa mtu wala kumdhuru. Kwamba mwaka 1977 watu watatu waliokuwa Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, walichukua namba hizohizo wakatengeneza njia ya kuficha ujumbe, na kwamba leo ukifungua tovuti ya benki, hisabati ya ukoo huo inakulindia pesa zako. Kwa hiyo, akasema, tupu ya leo ni kamili ya kesho.

MWANAFUNZI: Mwalimu, kwa heshima, naomba usinitetee hivyo.

MWALIMU: Kwa nini? Ni kweli au si kweli?

MWANAFUNZI: Ni kweli. Lakini ni kama kusema mtoto ana thamani kwa sababu huenda akikua atakujengea nyumba. Kwa kila nadharia iliyopata kazi benki, ziko nyingine chungu nzima ambazo hazijapata na pengine hazitapata. Nikimwambia Fundi angoje miaka 37, ana haki ya kuniuliza: na isipokuja? Nitakuwa nimemuuzia tiketi ya bahati nasibu.

FUNDI: Huyu binti namwelewa. Sasa na mimi nikupe swali, uniambie kama ni la tupu au la kujaa.

Akachukua kijiti akachora kwenye vumbi chini ya benchi.

FUNDI: Paipu zangu huja za mita 6. Geti hili lilitaka vipande viwili vya mita 2.5, viwili vya mita 2, viwili vya mita 1.5. Kijana ninayemfundisha kazi akaanza na virefu, kama kila mtu anavyoanza. Viwili vya 2.5 kutoka paipu ya kwanza. Ikabaki mita moja, haifai kitu. Paipu ya pili akatoa viwili vya 2 na kimoja cha 1.5, ikabaki nusu. Kimebaki kipande kimoja cha 1.5 na paipu zimekwisha. Akaenda kununua ya tatu. Mimi ningechukua 2.5 na 2 na 1.5: hiyo ni 6 kamili. Rudia mara moja, umemaliza kwa paipu mbili, chakavu hakuna. Sasa maprofesa wako wana kanuni ya kumfundisha yule kijana?

MWANAFUNZI: Kwa vipande sita macho yako yanatosha. Kwa vipande sitini?

FUNDI: Kwa sitini nakisia.

MWANAFUNZI: Dunia nzima inakisia, mzee. Kuna njia nzuri zinazokaribia, lakini njia ya haraka ambayo kila mara itakupa ukataji bora kabisa, hakuna anayeijua. Na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Mwaka 2000 taasisi ya Clay kule Marekani ilitangaza maswali saba, kila moja dola milioni moja. Moja kati ya hayo saba, ukilivua nguo zake, linauliza kama maswali ya jamii ya hili lako yana njia ya haraka au hayana. Bado pesa hizo hazijatolewa.

FUNDI: Milioni ya dola kwa kukata paipu!

MWANAFUNZI: Kwa kuthibitisha. Kukata utaendelea kukata mwenyewe.

Mama alicheka mpaka unga ukamruka. Fundi hakucheka. Aliitazama ile michoro yake kwa muda, nadhani kwa mara ya kwanza akiwa na shaka kwamba kitu alichokiona upungufu wa kijana wake kilikuwa upungufu wa dunia. Halafu akarudi, na safari hii alirudi na hoja nzito kuliko zote zilizosemwa kwenye benchi lile.

FUNDI: Haya, nimekubali kwamba swali ni kubwa. Lakini mimi nikilifikiria kwa siku tatu, watoto watalala njaa siku tatu. Wewe unalifikiria miaka miwili. Nani anakulipia kodi ya nyumba?

MWANAFUNZI: Nafundisha tuisheni jioni.

FUNDI: Na mahali pengine penye semina zenu, nani analipa?

MWANAFUNZI: Kwa muda mrefu, Waswidi. Tangu 2002 kulikuwa na mpango wa vyuo vikuu vya kanda hii, Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, halafu Rwanda na Zambia, ulioshikwa mkono na Chuo Kikuu cha Uppsala. Warsha, masomo ya uzamivu, wageni wa kuja kufundisha.

FUNDI: Kwa hiyo hata kuulizana maswali tumelipiwa na Ulaya.

MWALIMU: Sheria yetu ya sayansi ya 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti.

FUNDI: Inasema. Na sheria ya majitaka je, inasemaje? Pita hapo nyuma ya reli uone sheria inavyotiririka.

Sikuwa na jibu la Fundi, na bado sina. Binti alijaribu. Alitaja mwaka 1967, Vietnam, wakati ndege za Marekani zinaipiga Hanoi kwa mabomu, na Alexander Grothendieck, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne iliyopita, alikwenda huko kutoa mihadhara ya hisabati tupu kuliko zote, kisha mihadhara ikahamishiwa nje ya mji kwa sababu ya mabomu. Walisoma kwenye vibanda vya mashambani. Kama watu wale walipata nafasi ya semina chini ya ndege, akasema, Kibera inaweza kuipata juu ya mtaro. Ni mfano mzuri, ila Fundi aliusikiliza kwa upole wa mtu anayejua kwamba hata Hanoi kulikuwa na mtu anayepika na kumlisha mwanahisabati, na kwamba huyo hakutajwa.

Nyumba ya binti haitalipwa kwa Grothendieck. Tuliacha hapo, jeraha likiwa wazi.

Mwalimu ndiye aliyegeuza mwelekeo, akauliza kitu ambacho hakikuhusu pesa.

MWALIMU: Mama, Kibera ina watu wangapi?

MAMA: Milioni. Kila mtu anajua.

MWALIMU: Nani aliwahesabu?

MAMA: Wazungu wanasema, redio inasema, wanasiasa wanasema.

MWALIMU: Sensa ya 2009 ilipata 170,070.

MAMA: Haiwezekani! Mimi hapa nyuma tu nina majirani...

MWALIMU: Sisemi sensa ni Kurani. Huenda walirukwa watu. Lakini ile milioni, Mama, miaka yote ile ilirudiwa katika vitabu, filamu, maombi ya misaada, na hakuna aliyenyanyua mkono kusema: samahani, umejuaje? Ukumbi ulijaa, soda zilinywewa, na namba ikapita. Katika chumba cha huyu binti isingepita dakika ya tatu.

MAMA: Na hiyo yenu ya laki moja na kitu ingepita?

Swali la haki. Mwalimu alikiri kwamba nayo ingesimamishwa: walihesabu usiku gani, vijiji vipi vilihesabika kuwa Kibera na vipi vikaachwa, nyumba ya waliolala kazini ilihesabiwaje. Hapo nilianza kuuona upande wangu. Tabia ya chumba kile inafaa hata kama nadharia inayojadiliwa humo haitamfaa mtu kamwe. Ni chumba ambacho wingi wa watu wanaoamini jambo hauliongezei uzito hata gramu moja. Nairobi nimekaa miaka mingi na vyumba vya namna hiyo ninavihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Lakini Mwalimu alikuwa na kisu kingine, na hiki kilielekea Chiromo.

MWALIMU: Sasa binti, tusidanganyane. Nimewahi kuhudhuria semina za vyuo. Msemaji ana slaidi 60. Anazipitisha kama makanga anayehesabu abiria. Kufikia slaidi ya kumi tumebaki wawili tunaoelewa, yeye na msimamizi wake, na msimamizi anasinzia. Mwisho mwenyekiti anauliza, "Kuna swali?" Kimya. Halafu mzee mmoja, kwa adabu tu, anauliza kama matokeo hayo yanashika pia kwenye nafasi zenye vipimo visivyo na mwisho. Makofi. Chai. Hiyo ina tofauti gani na ile ya mia tano?

MWANAFUNZI: Ndiyo maana nataka chaki. Chaki inamchelewesha msemaji. Mkono hauwezi kuandika haraka kuliko mtu anavyoweza kusoma, kwa hiyo wote mnakwenda mwendo mmoja. Slaidi ni matatu ya usiku, inakupita ukiwa umenyoosha mkono.

MWALIMU: Chaki haitatatua ile shida ya pili.

MWANAFUNZI: Ipi?

MWALIMU: Heshima.

Binti alinyamaza. Kisha akasimulia jambo ambalo naamini lilimgharimu kulisema. Katika semina moja, na chuo hakukitaja nami sitakitaja, mhadhiri mkubwa aliandika ubaoni hatua ya tatu, na hatua ile haikufuata kutoka ya pili. Kulikuwa na sharti limesahauliwa. Aliliona waziwazi. Akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuna aliyetikisika. Nyumbani kwao baba akizungumza huingii kati, na akikosea mwaka wa jambo unamwachia mwaka wake. Akakaa na lile kosa mapajani dakika arobaini kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenziwe. Akaondoka nalo.

FUNDI: Ulifanya vizuri. Mkubwa hakatizwi.

MWALIMU: Alifanya vibaya, na wewe kwenye karakana ungemzaba kofi kijana anayeona paipu imepinda akanyamaza.

FUNDI: Paipu iliyopinda inaangusha geti juu ya mtoto wa mtu.

MWALIMU: Na hatua iliyopinda?

Moscow, akaendelea Mwalimu, kulikuwa na semina ya mwanahisabati Israel Gelfand, iliyoanza miaka ya 1940 na ikadumu miongo mingi. Huyo hakuwa na shida ya heshima. Alimkatiza msemaji sentensi ya kwanza, akamwita mwanafunzi aje aeleze upya, akafoka, akaaibisha watu mbele ya ukumbi, semina ikaendelea mpaka usiku. Ilizaa wanahisabati wakubwa. Mwalimu aliitaja kwa husuda. Mimi nilisikia baridi. Sitaki kuamini kwamba ili mtu wa Kibera aulize swali lazima kwanza ajifunze ufidhuli wa watu wengine.

Aliyetufungua ni Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye chapati.

MAMA: Nyinyi mmesoma lakini hamjui kuongea. Mimi nikienda kwa kadhi kwenye mirathi, nikaona shehe amekosea fungu la bibi, simwambii amekosea. Namwambia, "Shehe, samahani, mimi mjinga, nimepotea hapo kwenye thumuni. Nirudishe." Akirudi nyuma kunirudisha, analiona mwenyewe.

Mwanafunzi akaandika neno hilo kwenye karatasi yake ya hisabati. Nimepotea hapo. Kiswahili kina njia ya kumsimamisha mtu mzima pasipo kumvua kofia: unajivika wewe upotevu, unampa yeye nafasi ya kurudi. Na anaporudi, hatua ya tatu inakaguliwa kikamilifu, kwa ukali uleule wa Moscow. Hakuna kilichopunguzwa. Nashangaa kwamba tuna vyumba vizima vya wasomi walionyamaza kwa Kiingereza wakati lugha ya nyumbani iliwawekea mlango.

Mirathi, kwa njia, haikuwa mfano wa kubahatisha. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake cha karne ya 9 kilitupa neno aljebra, alitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mafungu ya mirathi. Na Mama wa kibanda, Mnubi ambaye hajawahi kuvuka lango la Chiromo, aliposikia binti akitaja namba za kugawanyika kwa mbili alimsahihisha palepale: "Hizo zinaitwa shufwa, na zile nyingine witiri. Hata sala inazijua." Binti alikuwa amezisoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne.

FUNDI: Sasa mbona semina zisije hapa? Sisi tunakwenda kwao lini?

MWANAFUNZI: Mdogo wangu nilimwalika siku moja chuo kimoja mjini, aje anisikilize. Mlinzi akamuuliza kitambulisho cha chuo, akamuuliza anatoka wapi. Aliposema Kibera akaambiwa angoje. Alingoja mpaka nikamaliza.

MWALIMU: Kutoka Kawangware hadi Chiromo unapita Lavington kwa mguu, haufiki hata mwendo wa saa mbili. Kwa mtoto wa shule yangu ni mbali kuliko Mombasa. Mombasa anajua ndugu yake yupo.

FUNDI: Basi lete hapa. Benchi lipo.

Nilidhani Mwanafunzi angecheka. Badala yake alieleza habari za benchi jingine. Mwaka 1916, katika bustani ya mji wa Kraków, Poland, mwanahisabati Hugo Steinhaus alikuwa anatembea jioni akasikia vijana wawili kwenye benchi wakitaja kipimo cha Lebesgue, jambo ambalo wakati huo walilijua wachache. Mmoja wa vijana hao alikuwa Stefan Banach, aliyelelewa nje ya nyumba ya wazazi wake na asiye na shahada ya hisabati. Steinhaus alikuja kusema kwamba katika uvumbuzi wake wote, Banach ndiye mkubwa kuliko mwingine. Baadaye, katika mji wa Lwów, ambao leo uko Ukraine, Banach na wenzake walihamishia mijadala kwenye mkahawa ulioitwa wa Kiskoti. Waliandika juu ya meza za marumaru, na mhudumu akafuta meza, na nadharia ikaenda na kitambaa. Mwaka 1935 mke wa Banach, Łucja, akanunua daftari. Daftari likawekwa mkahawani. Mwenye swali analiandika, na pengine anaahidi zawadi: chupa ya divai, bia chache. Mwaka 1936 Stanisław Mazur aliandika swali akaahidi bata bukini aliye hai.

MAMA: Akalipa?

MWANAFUNZI: Mwaka 1972. Per Enflo, Mswidi, alilijibu, akaenda Warsaw akapewa bata wake.

FUNDI: Waswidi tena!

MWANAFUNZI: Na pale Chiromo, kila tukiandika ubaoni nafasi ya Banach, ni yule kijana wa kwenye benchi tunamtaja. Hatukumbuki benchi.

FUNDI: Haya, tumekukalia. Semina. Lakini kwa Kiswahili, na usikimbie.

Binti akachukua kipande cha mkaa jikoni, na upande wa nyuma wa kadibodi ya sukari ukawa ubao. Akachagua jambo la zamani, la Euclid wa Iskanderia, kule Misri, yapata miaka 2,300 iliyopita. Namba tasa, akaeleza, ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11. Mama akapinga jina. Tasa ni neno la kumuumiza mwanamke, alisema, na namba haijafanya kosa. Hoja iliwekwa kando, lakini iandikwe kwamba ilitolewa.

MWANAFUNZI: Nadai kwamba namba tasa haziishi. Tuseme mtu anabisha, anadai ana orodha yenye zote. Zizidishe zote pamoja, halafu ongeza moja. Namba hiyo mpya ni tasa, na haiko kwenye orodha yake. Basi orodha haikukamilika.

Kimya. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Kisha Fundi akanyanyua mkono, taratibu, kama mtu anayesimamisha lori.

FUNDI: Samahani, binti. Nimepotea hapo. Hiyo mpya umejuaje ni tasa?

MWANAFUNZI: Angalia. 2 jumlisha 1 ni 3. 2 mara 3 ni 6, ongeza moja ni 7. 6 mara 5 ni 30, ongeza moja ni 31. Halafu 211. Halafu 2311. Zote tasa.

FUNDI: Hizo ni tano. Ile milioni ya Mama ilisemwa zaidi ya mara tano.

Yule kijana wa vikombe alikuwa amekausha mikono na kutoa simu. Akazidisha mpaka 13, akaongeza moja, akapata 30031. Akaanza kuigawanya: kwa 17, kwa 19, kwa 23, akienda polepole, midomo ikitembea. Ilipofika mara ya kumi na moja akapiga kelele: "Hamsini na tisa! Ni 59 mara 509!"

Binti aliutazama ule mkaa. Mimi niliona uso wa mtu aliyesomea jambo hilo miaka sita na kulisema kwa haraka kwa sababu wasikilizaji walikuwa wa kibandani. Kisha akatabasamu, akafuta mstari kwa kiganja.

MWANAFUNZI: Nimeanguka. Ngoja nisimame. Sikuhitaji namba mpya iwe tasa. Ukiigawanya kwa yoyote ya orodha, inabaki moja, sivyo? Kwa hiyo hakuna hata moja ya orodha inayoigawanya. Lakini lazima igawanyike kwa namba tasa fulani, labda yenyewe, labda iliyo ndogo kuliko hiyo. Hiyo fulani haimo kwenye orodha. Hapa ni 59, na orodha yetu iliishia 13.

FUNDI: Sasa nimerudi.

KIJANA: Dada, na baada ya hapo? Ile ya kuongeza moja, itawahi kuwa tasa tena?

MWANAFUNZI: Ukifika 17 unapata 510511, na hiyo ni 19 mara 97 mara 277. Zinazofuata zinaanguka pia. Ukizidisha mpaka 31 inarudi, ni tasa.

KIJANA: Halafu? Zinarudi daima, ama kuna ya mwisho?

MWANAFUNZI: Hakuna ajuaye.

KIJANA: Hata Chiromo?

MWANAFUNZI: Hata popote.

Mama aliosha mikono, akatoa chini ya meza daftari lake la madeni, lile lenye jalada la bluu ambalo nusu ya Makina imo. Akamwita mwanawe aandike swali, vizuri, kwa kalamu, chini ya jina la mtu anayedaiwa maandazi manane. Akasema atakayeleta jibu litakalosimama mbele ya Fundi atapewa kuku.

Nje redio ya jirani ikawaka ghafla. Umeme umerudi. Fundi akachukua grainda yake, akafika mlangoni, akageuka.

"Mama, wa kienyeji ama broila?"